Richard Bright: Daktari aliyeifichua siri ya figo kwa kijiko na mshumaa

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hata hivyo, yako maradhi ambayo mawingu yake hayaonekani kwa macho makavu, nayo mvua yake ikianza kunyesha huwa ni gharika. Maradhi ya figo ni miongoni mwa hayo.

Figo za binadamu zaweza kuharibika kwa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi maumivu yoyote. Miguu inapoanza kuvimba, pumzi kukatika na hamu ya chakula kutoweka, mara nyingi sehemu kubwa ya figo huwa imekwisha kufa, nayo haifufuki.

Walakini, ipo ishara moja ambayo aghalabu hutangulia. Ishara hiyo ni protini, hasa ile iitwayo albumini, kupatikana katika mkojo. Aidha, ishara hiyo haitangazi maradhi ya figo peke yake, bali hutangaza pia hatari inayounyemelea moyo.

Mtu aliyeufunza ulimwengu kuisoma ishara hiyo ni Richard Bright, tabibu Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 1858. Kwa zaidi ya karne moja, maradhi ya figo yalijulikana kote duniani kwa jina lake. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyeona mbali kuliko wenzake, akaweza kumtambua adui, lakini akafa kabla ya silaha za kumshinda kupatikana.

Mwana wa tajiri wa Bristol

Bright alizaliwa Septemba 28, 1789 katika mji wa bandari wa Bristol, magharibi mwa Uingereza. Babake, ambaye pia aliitwa Richard, alikuwa mfanyabiashara mkubwa na mwenye benki.

Kama ilivyokuwa kwa koo nyingi za kitajiri za Bristol zama hizo, mali ya ukoo wa Bright ilifungamana na biashara ya visiwa vya Karibi. Ukoo huo ulimiliki mashamba nchini Jamaica ambayo yalilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Ni kweli iliyo chungu kwamba elimu ya tabibu huyu, pamoja na safari zake, ziligharimiwa na utajiri ambao sehemu yake ilitokana na jasho la watu wasiokuwa huru.

Mzee Bright alikuwa mpenzi wa sayansi, na nyumbani kwake mazungumzo ya elimu yalikuwa kitu cha kawaida. Mnamo 1808, kijana Richard alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ambako alianza kwa kusoma falsafa, uchumi na hisabati. Mwaka uliofuata aliyaacha masomo hayo na kuingia katika udaktari, fani ambayo hakuiacha tena hadi kufa kwake.

Kabla ya kukamilisha masomo, alipata fursa ambayo vijana wengi wa rika lake wangeitamani. Mwaka wa 1810 aliandamana na Sir George Mackenzie na Henry Holland katika msafara wa kitaalamu hadi kisiwa cha Iceland, nchi ya barafu na milima ya volkano. Msafara huo ulipozaa kitabu mwaka wa 1811, Bright ndiye aliyechangia maelezo ya mimea na wanyama wa kisiwa hicho.

Huko ndiko kulikodhihirika kipawa ambacho kingekuja kumfaa sana. Bright alikuwa na jicho la kuona kitu jinsi kilivyo, na mkono wa kukichora. Hakuwa mtu wa kukimbilia nadharia. Alitazama kwanza, akaandika alichokiona, kisha akatafakari.

Baada ya kurejea, alikwenda London na kupata mafunzo katika Hospitali ya Guy's. Hatimaye alirudi Edinburgh, akahitimu shahada ya udaktari mwaka wa 1813.

Mnamo 1814 alifunga safari tena, mara hii akielekea bara Ulaya. Alipitia Uholanzi, Ujerumani na Austria, akafika Vienna wakati ambapo wafalme na mabalozi walikuwa wamekusanyika humo kugawana upya ramani ya Ulaya baada ya vita vya Napoleon. Kutoka hapo alijitosa ndani ya Hungaria, nchi ambayo Waingereza wachache waliijua, na baadaye akaandika kitabu kikubwa kuihusu kilichotoka mwaka wa 1818. Michoro mingi ya kitabu hicho ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe.

Akiwa njiani kurudi kwao mwaka wa 1815, alipitia Brussels muda mfupi baada ya mapigano ya Waterloo, akajionea hospitali zilizofurika majeruhi.

Hospitali ya maskini

Hospitali ya Guy's iliasisiwa na Thomas Guy, muuza vitabu aliyetajirika, nayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 1725. Ilisimama kusini mwa Mto Thames, karibu na Daraja la London, katika mtaa uliojaa mabaharia, vibarua, mafundi na watu wa kazi za sulubu.

Matajiri wa zama hizo hawakulazwa hospitalini, bali waliitisha madaktari nyumbani kwao. Waliolala katika wadi za Guy's walikuwa watu wa kipato cha chini, na wengi wao walifikishwa pale hali ikiwa imeshakuwa mbaya.

Kabla ya kuajiriwa Guy's, Bright alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa jijini London. Humo aliambukizwa homa iliyokaribia kumwondoa duniani. Mnamo 1820 aliteuliwa tabibu msaidizi wa Guy's, na mwaka wa 1824 akapandishwa cheo na kuwa tabibu kamili.

Maisha ya nyumbani hayakumwendea kwa urahisi. Mwaka wa 1822 alimwoa Martha Babington, binti wa William Babington, mmoja wa madaktari mashuhuri wa hospitali hiyo hiyo. Ndoa hiyo haikudumu, kwani Martha aliaga dunia mwaka uliofuata, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Mnamo 1826 Bright alimwoa Eliza Follett, naye akamzalia watoto kadhaa. Mmoja wao, James Franck Bright, alikuja kuwa mwanahistoria na mkuu wa chuo mjini Oxford.

Waliofanya kazi pamoja naye walimfahamu kama mtu mchangamfu, mpole na mwenye bidii isiyochoka. Kila siku alitumia saa nyingi wadini na katika chumba cha kupasulia maiti. Wenzake hospitalini humo walikuwa Thomas Addison na Thomas Hodgkin, ambao nao majina yao yamebaki katika vitabu vya tiba kutokana na maradhi waliyoyaeleza. Ni nadra kwa hospitali moja kuwa na magwiji watatu wa kiwango hicho kwa wakati mmoja.

Kijiko juu ya mshumaa

Miongoni mwa wagonjwa waliofika Guy's kila wiki walikuwa watu waliovimba. Nyuso zao zilifura asubuhi, miguu yao ikabonyea ilipoguswa, na matumbo yao yakajaa maji. Ugonjwa huo wa uvimbe wa maji ulijulikana tangu enzi za kale, lakini uliaminika kuwa ugonjwa unaojitegemea. Hakuna aliyejua kwa hakika ulitokana na kiungo gani.

Ni kweli kwamba Bright hakuwa wa kwanza kuutilia shaka mkojo. Hippocrates wa Ugiriki ya kale aliwahi kudokeza kwamba povu linaloelea juu ya mkojo ni ishara ya ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Katika karne ya 18, tabibu Mwitaliano Domenico Cotugno aliuchemsha mkojo wa askari aliyevimba, akashangaa kuuona ukiganda kama ute wa yai. Matabibu William Charles Wells na John Blackall nao waliliandikia jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19.

Lakini wote hao walikuwa wameshika ncha moja tu ya kamba. Waliona mkojo ukiganda, wasijue ni kwa nini. Bright ndiye aliyeishika ncha ya pili.

Mbinu yake ilikuwa nyepesi ajabu. Alichukua kiasi kidogo cha mkojo wa mgonjwa, akautia katika kijiko na kukishikilia juu ya moto wa mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye afya ulichemka ukabaki wazi. Mkojo wa baadhi ya wagonjwa waliovimba uligeuka mweupe na kuganda, kwa sababu ulikuwa na albumini, protini ya aina moja na ile inayofanya ute wa yai kuwa mgumu unapokaangwa.

Hakukomea hapo. Alifuata habari za kila mgonjwa kwa makini, akaandika umri wake, kazi yake, dalili zake na matokeo ya kijiko. Mgonjwa alipofariki, Bright aliupasua mwili na kuzitazama figo. Tena na tena, wale ambao mkojo wao uliganda walikutwa na figo zilizobadilika. Baadhi zilikuwa zimevimba na kupauka. Nyingine zilikuwa zimesinyaa, zikawa ngumu na kujaa chembechembe juu yake.

Rafiki yake mwanakemia, John Bostock, alimsaidia kuuchunguza mkojo na damu. Ilibainika kwamba protini iliyopaswa kubaki katika damu ilikuwa ikipotelea mkojoni, ilhali uchafu uitwao yurea, uliopaswa kutoka kwa njia ya mkojo, ulibaki katika damu. Kichujio kilikuwa kimepinduka, kikawa kinatupa cha kuwekwa na kuweka cha kutupwa.

Mnamo 1827 Bright alichapisha juzuu ya kwanza ya ripoti zake za wagonjwa, kitabu kikubwa chenye picha za rangi za viungo vilivyougua. Kwa mara ya kwanza mambo matatu yaliunganishwa kwa ushahidi: uvimbe wa mwili, albumini katika mkojo na figo zilizoharibika. Tangu siku hiyo daktari yeyote mwenye kijiko na mshumaa aliweza kuutambua ugonjwa wa figo mgonjwa angali hai.

Moyo nao wahusika

Iwapo Bright angeishia hapo, jina lake lingetosha kukumbukwa. Lakini alikuwa ameona jambo jingine mezani pa kupasulia maiti ambalo halikumpa usingizi.

Mwaka wa 1836, katika toleo la kwanza la jarida la hospitali ya Guy's, alichapisha orodha ya wagonjwa 100 waliokuwa na albumini katika mkojo na ambao maiti zao zilichunguzwa. Katika hao, 52 walikuwa na moyo uliotanuka kwa unene wa misuli yake. Alipozichunguza vali za mioyo hiyo, 34 hazikuwa na kasoro yoyote. Hata baada ya kuwaondoa wale waliokuwa na ugonjwa wa mshipa mkuu utokao moyoni, walibaki 23 ambao hakuna sababu iliyoonekana ya moyo wao kunenepa hivyo, hasa katika chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwili mzima.

Msuli hunenepa kwa kazi nzito, kama anavyojua yeyote aliyemwona kuli wa bandarini. Kwa hivyo Bright alijiuliza ni mzigo gani uliokuwa umeulemea moyo. Alitoa maelezo mawili yaliyowezekana. Ama damu iliyochafuka iliuchokoza moyo moja kwa moja, au iliibana mishipa midogo ya damu kiasi kwamba moyo ulilazimika kutumia nguvu zaidi kuisukuma damu ipite.

Ikumbukwe kwamba wakati huo hakukuwa na kifaa cha kupimia shinikizo la damu kwenye mkono wa mgonjwa. Mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa ulibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka wa 1896, karibu miaka 40 baada ya kifo cha Bright. Tabibu huyu alikuwa amelikaribia shinikizo la damu kwa akili tupu na kisu cha kupasulia.

Wadi mbili na maabara moja

Sifa zake zilienea. Alikuwa mwanachama wa Royal Society tangu 1821, na mwaka wa 1837, Malkia Victoria aliposhika kiti cha enzi, Bright aliteuliwa miongoni mwa matabibu wake.

Hata hivyo, kazi iliyomtia fahari zaidi huenda ni ile ya mwaka wa 1842. Uongozi wa Guy's ulimtengea wadi mbili zenye vitanda 42, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, kwa ajili ya wagonjwa wa figo pekee. Baina ya wadi hizo palikuwa na chumba cha madaktari kushauriana, na kando yake maabara ndogo. Akisaidiwa na vijana George Barlow na George Owen Rees, aliwachunguza wagonjwa hao kwa miezi kadhaa. Leo hospitali kubwa yenye wadi maalum na maabara yake ni jambo la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa wazo geni.

Pamoja na hayo yote, kulikuwa na jambo lililomkera. Alijua kutambua, lakini hakujua kuponya. Tiba zilizokuwapo zilikuwa kuwatoa wagonjwa damu, kuwapa dawa za kuharisha, kuwaogesha kwa maji ya moto ili watoke jasho, na kuwavisha nguo za sufu. Baadhi ya tiba hizo, kwa tunavyojua leo, ziliwadhoofisha zaidi. Bright alitambua kwamba wengi waliofika wakiwa wamevimba walikuwa wamechelewa, na kwamba kama kuna wakati wa kuwasaidia, basi ni mapema, kabla ya figo kuharibika kabisa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa ugunduzi wake. Kijiko na mshumaa havikuwa tiba, lakini viliweza kusema mapema.

Baada ya miaka zaidi ya 20 ya utumishi, Bright aliacha kazi yake ya Guy's katika miaka ya 1840 na kubaki na wagonjwa wake binafsi. Miongoni mwao alikuwa mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel. Alifariki Desemba 16, 1858 nyumbani kwake jijini London, akiwa na umri wa miaka 69. Aliyeuchunguza moyo wa wengine aliuawa na moyo wake mwenyewe, kwani uchunguzi wa maiti ulionyesha vali ya mshipa mkuu ilikuwa imekakamaa. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green.

Waliopokea kijiti

Baada yake, maradhi ya figo yaliitwa ugonjwa wa Bright, na jina hilo lilitumika hadi katikati ya karne ya 20. Wakubwa na wadogo walikufa nalo. Rais wa Marekani Chester Arthur aliugua akiwa Ikulu, akafariki mwaka wa 1886. Mwaka huo huo, mshairi Emily Dickinson alifariki, na cheti chake cha kifo kikataja ugonjwa huo.

Hospitali ya Guy's nayo haikuacha kufuata nyayo za mwanawe. Mnamo 1843, John Lever, mkunga wa hospitali hiyo, aliupima mkojo wa wanawake waliopatwa na kifafa cha uzazi. Aliikuta albumini humo. Kutokana na kazi kama hiyo, mkojo wa mama mjamzito ulianza kutazamwa kwa jicho la tahadhari.

Jambo hili si la Uingereza peke yake. Hadi leo, katika kliniki za wajawazito nchini Kenya na kwingineko, mama hupimwa shinikizo la damu na mkojo wake kuchunguzwa kama una protini. Mama anayeulizwa kwa nini atoe mkojo kila anapohudhuria kliniki ana haki ya kujua kwamba kipimo hicho huweza kuokoa maisha mawili, lake na la mtoto aliye tumboni.

Katika miaka ya 1870, tabibu mwingine wa Guy's, Frederick Akbar Mahomed, alilisogeza mbele fumbo la moyo. Mahomed alikuwa mjukuu wa Sake Dean Mahomed, mhamiaji kutoka India aliyejulikana sana mjini Brighton. Akitumia chombo cha kuchora mapigo ya mshipa wa mkononi, alionyesha kwamba shinikizo la juu la damu laweza kutangulia kabla ya albumini kuonekana kwenye mkojo, na kwamba wapo watu wenye shinikizo la juu ambao figo zao hazina kasoro. Alifariki mwaka wa 1884 kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 35 tu.

Hivyo ikafahamika kwamba njia ni ya pande mbili. Figo iliyougua hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo la damu huiharibu figo. Moyo uliokaa katikati hulipa gharama ya yote mawili.

Mwaka wa 1963, Harry Keen na mwenzake, pia wa Guy's, walieleza njia ya kupima albumini hata ikiwa kidogo mno kiasi cha kutoonekana kwa vipimo vya kawaida. Mnamo 1982 watafiti wa hospitali hiyo walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye kiasi hicho kidogo ndio walioelekea kupatwa na ugonjwa wa figo miaka kadhaa baadaye. Punde utafiti mwingine ukabainisha kwamba walikuwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hasa kwa maradhi ya moyo.

Mwaka wa 2010, uchunguzi uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni moja kutoka nchi mbalimbali ulithibitisha kwamba kadiri albumini inavyoongezeka katika mkojo, ndivyo hatari ya kifo inavyoongezeka, hata kwa mtu ambaye figo zake bado zinachuja vyema.

Kwa nini mkojo uonye kuhusu moyo?

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja, vichujio hivyo hupitisha takriban lita 180 za maji kutoka katika damu, na karibu yote hurudishwa mwilini. Albumini haitakiwi kupita, isipokuwa kiasi kidogo sana kisichofika miligramu 30 kwa siku.

Kila kichujio kimeundwa kwa mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo ikidhurika kwa sukari iliyozidi au shinikizo la juu, hutoboka na kuvujisha albumini. Lakini mishipa ya figo si tofauti na mingine. Yaliyoipata ndiyo aghalabu yanayoipata mishipa ya moyo, ubongo na macho. Tofauti ni kwamba figo ina mlango wa kutolea habari nje, nao ni mkojo.

Ndiyo maana madaktari hupendekeza kwamba wenye kisukari na wenye shinikizo la juu la damu wapimwe mkojo walau mara moja kwa mwaka, hata wakijihisi wazima. Hali kadhalika, mtu ambaye jamaa zake wameugua figo hana sababu ya kungoja uvimbe.

Kijiko na mshumaa vilikwisha kustaafu. Tangu miaka ya 1950, vipo vijiti vya kuchovya ambavyo hubadilika rangi mkojo ukiwa na protini. Vijiti hivyo ni vya bei nafuu, lakini huweza kukosa kuona kiasi kidogo. Kipimo cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini ndicho sahihi zaidi, na matokeo ya chini ya miligramu 30 kwa kila gramu huhesabiwa kuwa salama.

Ifahamike pia kwamba kuonekana kwa protini mara moja si hukumu. Homa, mazoezi makali au maambukizi katika njia ya mkojo yaweza kuileta kwa muda. Kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa, na hali ikidumu kwa miezi mitatu au zaidi ndipo huitwa ugonjwa wa figo wa kudumu.

La kutia moyo ni kwamba silaha ambazo Bright alizikosa sasa zipo. Tangu miaka ya 1990 imethibitishwa kwamba baadhi ya dawa za kushusha shinikizo la damu hupunguza uvujaji wa albumini na kuchelewesha kufa kwa figo. Mnamo 2019 na 2020, utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kundi jipya la dawa, zilizobuniwa kwa ajili ya kisukari, huilinda figo na moyo kwa pamoja. Kupunguza chumvi, kuacha sigara na kudhibiti sukari nako kunasaidia.

Dawa hizo huwafaa zaidi wanaozianza mapema. Mgonjwa anayefika hospitalini figo zikiwa zimekwisha hubaki na njia mbili, kusafishwa damu kwa mashine mara kadhaa kila wiki au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Familia nyingi zimeuza mashamba na mifugo kwa ajili ya njia hizo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Richard Bright aliuona ufa huo takriban karne mbili zilizopita katika kijiko cha mkojo, akauonyesha ulimwengu, ila hakuwa na udongo wa kuuziba. Sisi tunao. Kinachotakiwa ni kukubali kutazama, nako kutazama kwenyewe hakuhitaji zaidi ya kikombe kidogo cha mkojo na dakika chache katika zahanati iliyo karibu.